Waliokuwa Wakimjulia Hali Fanueli

Fanueli wa Kwemvumo alikuwa mbeba maziwa. Hakuwa na ng'ombe wengi. Kwake palikuwa na mmoja tu, mwenye pembe iliyopinda. Kazi yake ilikuwa kubeba maziwa ya wenzake, na kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na miwili bila kukosa asubuhi hata moja, isipokuwa siku aliyomzika mama yake na zile mbili alizolala mahabusu.

Huko milimani juu ya Bumbuli nyumba zinaonana, mtu anaweza kumwita jirani yake akaitikiwa, lakini akitaka kumfikia itambidi ashuke bonde zima na kupanda tena mpaka jasho limtoke kwenye baridi. Ng'ombe haendi malishoni. Anafungwa bandani, anakatiwa majani. Kila mama ana wake mmoja, akijaliwa wawili, na akikamua anapata lita tatu, lita nne. Sasa nani atashuka mpaka Soni na lita tatu? Ndiyo maana akawepo Fanueli. Alipita mlango kwa mlango na keni zake mbili, madebe ya bati yenye vifuniko, akapokea, akatumbukiza kile kipimo chake cha kioo kinachoelea, akakikazia macho kama mtu anayesoma Zaburi, kisha akasema, "Haya mama, yako safi." Na siku akisema si safi, hakuna aliyebisha. Walutheri walimpa, Waislamu walimpa. Wenye mahoteli na migahawa ya Lushoto mjini hawakuwajua akina mama wale hata mmoja, walimjua yeye. Walisema, "Haya ni ya Fanueli," basi, yakamiminwa sufuriani.

Mali aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo, jina. Na jina ndilo lililopata ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza hivi. Kiangazi cha mwaka juzi, kwenye kituo kimoja cha kulelea watoto kule barabarani, watoto tisa waliharisha baada ya kunywa uji wa maziwa. Siku ileile alipita kivukoni kwa pikipiki kijana mmoja anaitwa Valentino, mwenye blogu ya habari za milimani, akamkuta Fanueli amechutama mtoni anasuuza nje ya keni zake, zimepakaa tope. Akampiga picha. Jioni picha ikawa imesambaa, na juu yake maandishi makubwa: MBEBA MAZIWA ANASWA AKIONGEZA MAJI YA MTO, WATOTO TISA WALAZWA.

Polisi wakamchukua. Siku mbili. Watu wa afya wakapima maziwa, wakapima na kisima cha kituo. Maziwa yakaonekana hayana neno. Kisima ndicho kilichokuwa kinapokea maji ya choo. Fanueli akaachiwa, akapewa barua yenye muhuri kwamba hana kosa. Barua hiyo aliipeleka ikawekwa ndani ya plastiki ngumu, akaitia mfuko wa ndani wa koti, na haikutoka tena humo ila kwa kuonyeshwa.

Kila aliyeisoma alimwamini. Shida ni kwamba barua iliishi mfukoni mwa mtu mmoja, na ile habari iliishi mifukoni mwa watu wote.

Majirani hawakumtupa, na hili lazima lisemwe, maana wengine wangemtupa. Walifanya kama wanavyofanyiwa wagonjwa. Kule mtu akiugua hungoji kuitwa. Unakwenda kumwona kila asubuhi, hata kama hujambo lako ni hilohilo la jana, kwa sababu siku usipokwenda umetangaza uadui. Sasa huyu mgonjwa alikuwa amelala kwenye simu. Basi wakawa wanamwona hukohuko. Asubuhi mtu akishaamka anaandika jina, anaifungua ile habari, anatazama kama ingalipo, anafunga haraka kwa sababu bando linaliwa. Kisha anamletea Fanueli taarifa.

"Shikamoo, mama," Fanueli alimwamkia bibi Mwanaisha, mjane mzee wa nyumba ya kwanza kwenye njia yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuangalia leo." Alimwinulia simu ya kupangusa aliyoachiwa na binti yake. "Bado upo. Umechutama vilevile."

"Hongea, mama," akamshukuru kwa Kisambaa.

"Kesho nitakuangalia tena. Itaondoka tu. Hata upele huondoka."

Chini barabarani alimkuta Yusufu, dereva wa pikipiki aliyempakia keni mpaka Soni na Lushoto. Yusufu naye alikuwa ameshatazama.

"Mgosi!" akamwita, kwa lile neno la heshima la Kisambaa. "Leo tena umeshika namba moja! Ungekuwa timu ya mpira sasa hivi tunakunywa soda."

"Funga hizo keni vizuri," Fanueli alimjibu, naye akacheka kidogo, kwa kuwa mzaha wa rafiki haukataliwi.

Akacheka hivyo mwaka mzima. Kicheko kilikatika pale hoteli kubwa kuliko zote alizozipelekea ilipopata meneja mpya, mama mmoja wa kutoka mbali, mstaarabu, mwenye miwani. Alimkaribisha Fanueli ofisini, akamvutia kiti.

"Mzee wangu, mimi kila anayetuletea chakula namtafuta kwanza mtandaoni. Wewe nimekutafuta."

Fanueli hakungoja. Akaitoa barua. Yule mama akaisoma yote, mpaka tarehe, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Barua nzuri. Naikubali. Lakini hii naisoma mimi peke yangu, mzee. Wageni wangu wakilitafuta jina lako wataikuta ile nyingine."

Hoteli hiyo ilikuwa inachukua nusu ya maziwa yote ya Kwemvumo. Siku ile Fanueli alipanda na keni moja imejaa. Miaka ishirini na miwili keni zilikuwa zinapanda mlima tupu, zinagongana kama kengele za mbuzi. Akina mama wakizisikia walijua mwenzao amerudi. Jioni ile walisikia kimya, wakatoka milangoni kutazama. Akapita akiwarudishia, huyu kidogo, huyu kidogo. Wengine waligandisha mtindi. Halima, mwenyekiti wa kikundi chao, yake aliwamiminia nguruwe wa jirani Mkristo.

Kesho yake Fanueli akaenda Lushoto mjini kwa Happiness. Happiness ni binti wa watu wa Mponde, ana kibanda cha kutoa kopi na kujaza fomu za wanafunzi. Ndiye aliyeitia barua ile kwenye plastiki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, hii kitu inatolewaje?"

Happiness akaandika jina kwenye kompyuta yake. Habari ikatokea juu kabisa, na Fanueli ndani yake, amechutama. Binti akaitazama bila kuifungua. Halafu akampigia kaka yake Silvano, anayeishi Mwanza, akaweka sauti ya nje.

"Kaka, nitafutie hapo jina hili, nisomee unachokiona."

"Naona Fanueli mwalimu wa kwaya," sauti ya Silvano ikasema. "Fanueli mcheza mpira. Fanueli fundi friji. Huyo wako nani?"

"Wa maziwa."

"Simuoni. Ngoja nishuke. Nashuka… nashuka… Haa, huyu hapa mwisho kabisa. Mzee kachutama mtoni. Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Asante kaka."

Fanueli alikuwa amesogea mpaka kwenye meza. "Mbona Mwanza niko chini na hapa niko juu? Picha si ni hiyohiyo?"

"Baba, mimi huo mtambo si wangu, na wenye mtambo hawasemi yote. Ninachokijua ni cha kusikia kwa wanaofanya kazi hizi." Happiness aligeuza kiti. "Ni kama genge la nyanya. Muuzaji akiona watu wa mtaa huu kila wakija mkono unakwenda kwenye fungu lile, kesho fungu lile analiweka mbele. Mtaa wa pili hawaligusi, huko analiweka nyuma. Hajali kama limeoza. Anaangalia mikono tu. Na mtambo nao, wanavyoamini watu, unaangalia watu wa eneo hili wakiandika jina hili wanabonyeza nini. Inaweza kuwa kuna sababu nyingine juu yake. Lakini niambie, huku kwetu nani anaandika jina lako?"

Fanueli akahesabu kwa vidole. "Mama Mwanaisha. Halima. Yusufu wa pikipiki. Mwinjilisti Kristian. Kwaya…"

"Kila siku?"

"Kila siku. Wananijulia hali."

Happiness akalitazama tena lile jina kwenye kompyuta.

"Na mke wangu Evelina," Fanueli akaendelea, taratibu sasa. "Na mimi mwenyewe, kabla sijakamua."

"Basi baba, huenda ni ninyi."

Fanueli aliangalia vile vidole vyake kama ndivyo vilivyokosa. Watu wote waliompenda walikuwa mkononi pale, na mkono ndio uliombeba yule aliyechutama ukamweka mbele.

Happiness akaona heri ampigie Valentino mwenyewe. Valentino akapokea kwa furaha.

"Mzee Fanueli! Shikamoo mzee wangu! Mbona mimi nilishasahihisha? Shuka mpaka mwisho kabisa utaona, nimeandika baadaye alionekana hana hatia."

Happiness akashuka na kile kipanya. Baada ya tangazo la mbegu za kabichi na tangazo la dawa ya nguvu za kiume, kweli palikuwa na mstari mmoja.

"Nani anafika huku?" Fanueli akauliza. "Watu wanafunga wasimalize bando."

"Sasa mzee, huo si uvivu wa wasomaji?"

"Ifute, mwanangu."

Valentino akasema kwa sauti ya chini, ya mtu asiyependa anachokisema. "Nikuambie kama mzazi wangu. Katika zote nilizoandika hakuna inayofunguliwa kama hiyo. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaingia kama wana miadi. Sijui wanatafuta nini. Nikiifuta nitabaki na matangazo ya misiba."

Njiani kurudi Fanueli alikuwa na jambo moja tu kichwani: watu waambiwe waache kumtazama. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili akamfuata mwinjilisti Kristian kabla ya ibada, akamweleza, na mwinjilisti, mtu wa huruma, akasema tangazo hilo atalitoa yeye mwenyewe.

Akalitoa. "Wapendwa, kuna habari mtandaoni ya ndugu yetu Fanueli, kwamba amenaswa akitia maji ya mto kwenye maziwa. Ni ya uongo. Nawaomba msiifungue. Kila anayeifungua anaipandisha. Nasema tena, msiifungue."

Jumapili hiyo kanisani palikuwa na kwaya mbili za wageni, moja ya Mponde, moja ya Bungu, watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la Fanueli tangu wazaliwe. Wimbo wa sadaka haujaisha, vichwa vilikuwa vimeinama kwenye mabenchi, na nyuso chini ya vichwa hivyo zilikuwa zinang'aa kwa mwanga wa simu. Fanueli alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka. Evelina alikuwa upande wa akina mama, yeye aligeuka, akaona, akageukia mbele tena.

Yusufu naye hakutaka Waislamu waachwe nyuma katika wema. Jioni ile akaandika kwenye kundi la WhatsApp la madereva, na lile la vijana wa msikitini, na lile la harusi ya binamu yake lenye watu mia mbili: "Ndugu zangu, kwa heshima ya mzee wetu, TAFADHALI MSIFUNGUE HII." Chini yake, watu wasije wakakosea wakaacha kufungua nyingine, akaiweka habari yenyewe, tayari kwa kubonyezwa.

"Nimekutetea kila mahali, mgosi," alimwambia asubuhi yake. "Mpaka Korogwe wanajua."

Fanueli alimwangalia uso ule wa kijana mwema. Akamwambia ahsante.

Ndani ya wiki moja mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo. Zamani ilikuwa lazima uandike jina lote. Sasa ukiandika nusu yake tu, simu inakumalizia yenyewe: Fanueli maziwa. Wenye migahawa ya Lushoto, waliokunywa chai ya maziwa yake miaka yote, wakaanza kusema leo tunayo ya kutosha, labda keshokutwa. Wawili walisema hivyo bila kumwangalia. Wa tatu, aliyemfahamu tangu ujana, alimwambia wazi: "Fanueli, mimi nakujua. Mteja wangu hakujui. Anakunywa huku anasoma."

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba. Wengi walielewa nusu. Waliacha siku mbili, halafu wakafungua kutazama kama kuacha kwao kumesaidia. Kwa bibi Mwanaisha ndiko kulikomshinda kabisa.

"Kwa hiyo nisikuangalie?" bibi aliuliza.

"Usiniangalie kwenye simu, mama."

"Nikuangalie wapi? Kwako siwezi kufika, magoti haya unayaona. Hata mjane haambiwi asiende kaburini kwa mumewe." Aliiweka simu mapajani na kuifunika kwa kanga kama anaificha mtoto. "Nimekukosea nini, Fanueli?"

"Hujanikosea."

"Mtu anayesema usinijulie hali amekasirika."

"Sijakasirika, mama. Nitapita mwenyewe kila asubuhi uniangalie hivi kwa macho."

"Utapitaje na maziwa yangu huchukui tena?"

Kweli, tangu wiki hiyo alikuwa akichukua ya nyumba nne tu, na ya bibi haikuwamo. Asubuhi ya pili alipita mikono mitupu kumwamkia. Bibi alimpokea vizuri, akampa kiti, na katika kuzungumza akasema, "Leo umepauka kidogo kwenye picha," kisha akajishika mdomo. Fanueli alijifanya hajasikia. Angemwambia nini? Bibi hakuwa na mwingine wa kumtazama asubuhi.

Mwisho wa mwezi Halima akawaita wenye ng'ombe uani kwake. Walikuja wanawake kumi na wanne, na Fanueli na mkewe. Halima alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Kuna shule ya bweni kule Soni inataka maziwa. Mengi. Yote tuliyonayo na zaidi. Ila mtunza stoo wao, yule Benjamini, anataka jina la mleta maziwa, na analitafuta mtandaoni kwanza. Amewakataa wawili wa Bungu." Akamgeukia Fanueli. "Mgosi, hapa hakuna asiyekujua. Ungekuwa mwizi tungejua sisi kabla ya huyo wa blogu. Ila…"

"Ila jina," Fanueli akamsaidia.

"Jina."

Hakuna aliyemtazama. Kuku alipita katikati yao, akafukuzwa na watu watatu kwa mara moja, kila mtu akifurahi kupata cha kufanya. Ndipo Zainabu, mama mwenye maneno machache, akasema: "Apeleke Evelina. Kwa jina la kwao."

Evelina alikuwa anachora chini kwa kijiti. Hakuinua uso. "Mimi kipimo sikijui," alisema.

"Kupima nitapima mimi," Fanueli akasema. "Kukusanya nitakusanya mimi. Nitabeba mpaka kwenye kona, pale juu ya geti. Kutoka pale ni hatua mia mbili."

"Na keni mbili nizibebe peke yangu?"

"Moja moja."

"Basi," Evelina akasema, na Halima akashukuru, na wanawake wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja habari za majani ya ng'ombe.

Wakaanza Jumatatu. Fanueli alipita nyumba zote kumi na nne, ya bibi Mwanaisha ikiwamo, akapima, akasema yako safi, yako safi. Keni zilijaa mpaka shingoni. Yusufu akawashusha kwenye kona, akaondoka bila mzaha. Evelina akavua ndala akavaa viatu vya kanisani, akajitwisha ya kwanza, akaenda. Akarudi, akajitwisha ya pili. Fanueli alisimama nyuma ya mikaratusi, mahali ambapo mtu wa getini asingeweza kumwona.

Mara ya pili mkewe alichelewa. Jua lilishatoka kwenye ukungu na kuingia tena. Alipotokea alikuwa ameshika keni zote mbili tupu, na hazikugongana, maana alizitenganisha mbali na mwili wake.

"Yamepokelewa?"

"Yote. Kesho wanataka lita ishirini zaidi."

"Sasa mbona umekawia?"

"Kuna fomu." Aliziweka chini. Akaifunga kanga upya kiunoni, ingawa haikuwa imelegea. "Wanaandika jina la mume na kazi yake. Na jina la mume nalo wanalitafuta, nimemwona Benjamini akitafuta la mume wa mwenzangu aliyenitangulia."

"Ukamwambia mumeo ni nani?"

Evelina alitazama barabara, juu na chini, kama kuna mtu anakuja.

"Nimemwambia mimi ni mjane."

Upepo ulipita kwenye mikaratusi, na matone ya umande yakawadondokea wote wawili. Fanueli akapangusa uso kwa mkono wa koti.

"Akasemaje?"

"Akasema pole. Akaandika."

"Umefanya vizuri," Fanueli alisema. Akainama akachukua keni, moja mkono huu, moja mkono huu, akatangulia kupanda.